Mama Subilaga katika Nchi ya Asilimia Sufuri

Ipo nchi iitwayo Ulinganifu. Wengi wamefika huko, na wengi wao bado wako huko. Aliyekwenda akarudi na akili zake timamu, tena ndani ya siku tatu, ni mama mmoja wa Tukuyu aitwaye Tumpe Mwaisumo. Njia aliyopita haina habari. Alikwenda, akafika. Kilichompeleka ni hiki.

Binti yake Subilaga alipofaulu kidato cha nne, mjomba wake alimpa kadi ya picha, ile ya ndani ya kompyuta inayochora michezo kwenye kioo. Ilikuwa kadi nzuri, ya bei ambayo mjomba aliitaja kwa kunong'ona. Lakini kadi haichezi peke yake. Inataka prosesa ya kuiambia: mpira uko hapa, golikipa amerukia kule, haya chora. Prosesa waliyokuwa nayo ilifaa kuandikia barua tu. Kwa hiyo kadi ikakaa juu ya kabati miezi minne, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu babu. Subilaga aliuliza mtandaoni ni prosesa gani inayoifaa. Walimjibu watu mia moja na arobaini. Hakuna wawili waliokubaliana, na watatu walimtukana.

"Mama, nenda wewe," akasema mwishowe. "Wewe hudanganyiki. Ila usije ukarudi bila kadi yangu."

Kuhusu kutodanganyika alisema kweli. Tumpe ana diploma ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka kumi na sita amekuwa akipokea mizigo ya stoo ya hospitali bila kusaini karatasi hata moja kabla ya kufungua boksi. Aliifunga kadi kwenye khanga, akaondoka.

Alipokanyaga ardhi ya Ulinganifu, khanga ilianza kutikisika. Akaiweka chini, akaifungua. Akatoka bwana mmoja mfupi, mnene wa kiuno, mwenye mikono elfu tatu na ushei, akaanza kuinyoosha yote kwa pamoja kama nungunungu aliyetishwa.

"Miezi minne juu ya kabati!" akasema. "Mgongo wangu mie!"

"Wewe nani?"

"Burashi. Na wewe ndiye uliyenifunika kile kitambaa?"

"Vumbi lingekuua."

"Ahsante, mama. Lakini kilinuka dawa ya nondo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo huko. Vitu ambavyo kwetu hukaa kimya ndani ya sanduku la kompyuta, Ulinganifu ni watu, wana majina na wanakula. Wenye mikono mingi huitwa Wachoraji, na hizo ndizo kadi. Wenye vichwa vingi huitwa Wanenaji, na hizo ndizo prosesa. Mnenaji hunena kinachotokea mchezoni, Mchoraji hukichora ukutani. Mmoja bila mwenziwe hana kazi.

Askari wa mpakani alimtazama Burashi, akaandika kwenye daftari: Mchoraji mmoja, hana Mnenaji, siku tatu.

"Siku tatu za nini?" Tumpe akauliza.

"Za kumtafutia Mnenaji anayelingana naye, wakapitishwe na Ofisi ya Asilimia. Kengele ya alasiri ya siku ya tatu ikilia hajapitishwa, anahesabiwa kuwa Aliyepitwa. Anaingia Ghalani."

"Na hutoka lini?"

Askari alimtazama kama mtu aliyeulizwa marehemu anarudi saa ngapi. Burashi akakunja mikono yake yote. Mlio wake ulikuwa kama mvua juu ya bati.

"Mama," akasema polepole, "kumbe kwenye kabati hapakuwa pabaya."

*

Jambo la kwanza Tumpe aliloliona katika nchi hiyo ni chakula. Alifikia kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, akaletewa ugali na mchicha. Wenyeji waliokuwa mezani walikuwa wanakula kwa mashaka makubwa, macho kwenye sahani. Desturi yao ni kwamba ugali na mboga lazima viishe kwa tonge moja. Mboga ikibaki, mtu huongezwa ugali. Ugali ukibaki, huongezwa mboga. Basi chakula cha saa saba huendelea mpaka saa kumi, na watu huinuka wamevimba, tena bila kushiba, kwa maana hakuna aliyewahi kupatia.

Tumpe alimaliza ugali, akabakiwa na mchicha kidogo. Akaufuta kwa kidole, akalamba, akaenda kunawa. Mwenye nyumba alishika mdomo. Wageni wawili walihamisha viti.

Jambo la pili ni rangi. Mji umegawanywa na barabara kuu. Upande mmoja wanakaa Wanenaji wa koo za Nyekundu, upande wa pili koo za Buluu, na watu wa kawaida wamejigawa vivyo hivyo nyuma yao. Kutwa nzima wanasimama ukingoni mwa barabara wakirushiana maneno.

"Wenu wanachemka kama chungu cha makande!"

"Wenu wamekopi kwetu, na wamekopi vibaya!"

Tumpe alimuuliza mzee mmoja wa upande wa Buluu kama aliwahi kumtumia Mnenaji Mwekundu. Mzee akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hajawahi hata kumsogelea, ndiyo maana anajua jinsi alivyo mbaya. Katikati ya barabara palikuwa na kaburi moja peke yake, magari yanalizunguka. Aliambiwa ni la mtu aliyehama upande akiwa na umri wa miaka hamsini. Hakuna upande uliokubali kumzika.

Jambo la tatu ni Ofisi ya Asilimia yenyewe, alikokwenda siku hiyo hiyo kuuliza utaratibu. Foleni ilianzia uani. Mbele yake walikuwa Bwana Bado na mkewe, watu wa makamo, wamebeba thermosi na mkeka. Nyuma yao walikaa Mchoraji wao na Mnenaji wao, wamepeana migongo, wote wawili bado wamevikwa nailoni za dukani.

"Mna muda gani hapa?" Tumpe akauliza.

"Miaka kumi na moja," alijibu Bi Bado, kwa uso wa mtu anayesema robo saa. "Tulianza na aibu thelathini. Tukabadili Mnenaji, aibu ikahamia kwa Mchoraji. Tukabadili Mchoraji, ikarudi kwa Mnenaji. Sasa tuko saba."

"Aibu ndiyo nini?"

"Hujui aibu?" Bwana Bado alishangaa. "Ni kipimo, mama mgeni. Katika kazi mia, mara ngapi mmoja anakunja mikono akimsubiri mwenzake. Hiyo ndiyo aibu ya nyumba. Inatakiwa sufuri."

"Na nyumbani mnacheza nini?"

Wale watu walitazamana. Kwenye kaunta ikapigwa kengele ndogo, na karani akatokeza kichwa.

"Nani ameuliza Swali la Nyumbani?"

"Mimi," Tumpe akasema. "Limekosa nini?"

"Sheria ya nne inakataza. Hairuhusiwi kuuliza mtu anacheza nini, wala ukuta wa kwake una ukubwa gani. Tukianza kuuliza hayo, mama, namba zitakosa heshima. Kila mtu atakuwa na jibu lake."

"Sisi tutacheza," Bwana Bado aliingilia kumtetea mgeni, "tukishalingana. Huwezi kukaa ukacheza na aibu saba. Watu watakuonaje?"

Ndani ya ofisi, kwenye kabati la kioo lenye mashada ya maua, palikuwa na Mchoraji na Mnenaji wamekaa wima wameshikana mikono. Kibao kilisema: Wanandoa wa Sufuri. Tumpe akamuuliza karani hao wawili hufanya kazi gani.

"Kazi?" Karani alicheka kwa huruma. "Wakifanya kazi si mmoja atamsubiri mwenzake?"

*

Siku ya pili Tumpe alikwenda soko la Wanenaji. Hata kabla hajafika alidakwa na muuzaji mmoja, Bwana Madoido, mtu mwenye pete nne na maneno mengi.

"Mama yangu! Mchoraji mzuri hivi! Mikono elfu tatu! Usimdhalilishe. Njoo umwone Sultani."

Sultani alikuwa na vichwa kumi na sita, kila kimoja kimevaa taji la taa linalobadilika rangi. Alikalia kiti kirefu. Watu wawili walimmwagia maji mgongoni mfululizo, na wa tatu alimpepea, maana hata akiwa amekaa bila kufanya lolote alikuwa anafuka.

"Vichwa kumi na sita," Tumpe akasema. "Vyote vinafanya nini?"

"Vyote vinakuwepo, mama."

"Nataka kumwona kazini. Na huyu Burashi."

Madoido alionekana kuumia moyoni. Huko watu hununua kwa kusoma kibao cha kifuani. Lakini Tumpe alishasimama ile simama ya mpokea mizigo, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake watu walikuwa wameanza kujaa. Madoido akaleta ubao wa kuchorea wenye ukubwa wa sinia la pilau.

Sultani akanena mechi ya mpira, Burashi akachora. Ilikuwa ajabu kutazama. Picha zilitoka mia mbili kwa sekunde, mpaka ubao ukaanza kunuka rangi.

"Sasa mlete huyu wa kawaida tulinganishe," Tumpe akasema, akamwonyesha mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni juu ya kreti la soda. Alikuwa na vichwa sita vilivyofungwa vilemba safi, hana taa hata moja. Shingoni alitundikiwa kibao: Wa Mwaka Jana.

"Huyo?" Madoido akasema. "Huyo ni Saburi. Wa mwaka jana huyo."

"Mwaka jana ulikuwa na kasoro gani?"

"Hakuna, dada," alijibu Saburi mwenyewe, kila kichwa kikichukua neno lake. "Ulipita tu."

"Wewe ni wa upande gani? Nyekundu au Buluu?"

"Upande wa kivuli. Jua kali."

Saburi akanena mechi ile ile juu ya ubao ule ule. Picha zikawa mia moja na arobaini. Umati ukaguna. Madoido akapanua mikono kama mtu aliyemaliza mahubiri. "Umeona? Sitini nzima zimepotea!"

Tumpe alifungua khanga yake. Kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa amepima kioo cha kompyuta sebuleni kwa khanga hiyo hiyo, akakuta kina upana wa khanga moja kasoro kiganja. Akaenda kwenye ukuta mweupe wa duka, akapima khanga moja kasoro kiganja, akatia alama za chaki pembe nne.

"Huu ndio ukuta wangu. Chora hapa."

"Mama, majaribio yote nchini hufanywa kwenye sinia," Madoido akapinga. "Ndipo tofauti huonekana!"

"Nani hapa ana ukuta wa sinia nyumbani kwake?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtu mmoja nyuma alikohoa.

Sultani akanena. Burashi akachora. Sasa ukuta ulikuwa mpana, na mikono elfu tatu ilihangaika kila upande, nyasi hapa, mashabiki kule, jasho la beki, wavu. Picha zikawa sitini kwa sekunde. Vichwa viwili vya Sultani vilikuwa vinanena, vingine vilikaa vinasubiri, na cha kumi na moja kilikuwa kinakoroma.

"Ni mimi ninayechelewa, mama," Burashi alisema huku anahema. "Kuchora khanga nzima si mchezo."

"Saburi, zamu yako."

Saburi akanena. Picha zikawa sitini. Watu walihesabu mara mbili, na mmoja akaomba wahesabu tena kwa kuanzia mwisho.

Haki ya kupima ni kupima pande zote. Tumpe aliomba aletewe na mnyonge kabisa. Akaletwa Mzee Mbili, mwenye vichwa viwili, mpole, wa bei ya kutupa. Alinena taratibu, akisita katikati ya sentensi kukumbuka jina la winga. Mikono ya Burashi ilibaki juu hewani ikingoja. Mshambuliaji ukutani alisimama mguu mmoja juu, kama mbuzi aliyesahau alikokuwa anakwenda, kisha ghafla akawa upande wa pili wa uwanja na mpira uko wavuni, hakuna aliyeona ulivyoingia.

"Huyu hapana," Tumpe akasema. "Samahani, mzee."

"Hata mimi nilijua, mwanangu," Mzee Mbili akajibu. Kichwa chake cha pili kilimalizia baadaye kidogo: "Nilijua."

Tumpe akamnyooshea Saburi mkono. "Twende. Una mizigo?"

"Feni moja ndogo."

"Mama!" Madoido alimkimbilia. "Na mwaka kesho je? Mwaka kesho ukimletea binti yako Mchoraji wa mikono elfu tisa, huyu Saburi si utamwona mnyonge? Chukua Sultani leo, upumzike!"

"Kwa hiyo nimlishe Sultani mwaka mzima kwa ajili ya mgeni ambaye hajazaliwa?"

Wale waliokuwa wanammwagia Sultani maji walicheka. Madoido aliwakata jicho, wakarudia ndoo zao.

*

Siku ya tatu, saa kumi kasoro robo, zamu yao ilifika. Wangeingia mapema zaidi, lakini kila aliyeitwa mbele yao alikuwa ana ombi la kuongeza nusu ya kichwa. Akina Bado waliwapisha. Walisema wao wamezoea.

Mkuu wa Asilimia alikuwa Bwana Nukta, mtu mwembamba aliyenyoosha kila kitu mezani pake mpaka kikafanana. Kando yake palikuwa na Kikokotoo, sanduku la bati lenye matundu mawili. Anayepimwa hatazamwi wala hajaribiwi. Jina la Mchoraji hunenwa kwenye tundu la kwanza, jina la Mnenaji kwenye la pili, na sanduku hutema karatasi.

"Burashi," Nukta akasema. "Saburi, wa mwaka jana."

Sanduku likanguruma, likatema. Nukta alisoma, akaiweka karatasi mezani kwa ncha ya vidole.

"Aibu kumi na moja. Pole, mama mgeni. Huyu Mchoraji atasubiri mara kumi na moja katika kila mia. Siwezi kumpitisha." Akamtazama Burashi bila ukali wowote, kama daktari. "Kengele ni saa kumi. Unaweza kuaga."

Burashi akashika pindo la khanga ya Tumpe kwa mikono kama mia mbili.

"Mwambie Subilaga," akasema, "sikuwahi kumchorea hata nyasi."

"Acha kuaga," Tumpe akasema. "Bwana Nukta, nani kakuambia huyu atasubiri? Jana kwenye ukuta wangu aliyesubiri alikuwa Saburi."

"Kikokotoo hakijui ukuta wako."

"Basi kinajua nini?"

"Majina."

"Bwana Nukta, una mke?"

"Nilikuwa naye," Nukta akasema. "Tulifika aibu mbili na nukta tatu. Tukaona tusilazimishe."

"Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye ndoa. Mume wangu huvaa viatu robo saa. Mimi nimesimama mlangoni na pochi, yeye anatafuta soksi ya pili. Jumapili kanisani yeye ndiye anayenisubiri mimi, nazungumza na kila mtu. Hiyo ni aibu ngapi?"

Nukta alikokotoa moyoni na uso wake ukapauka. "Mnaishije?"

"Tunafika tunakokwenda. Hakuna nyumba ambayo hakuna anayemsubiri mwenzake. Cha kuuliza ni kama safari imeharibika."

Karani alinyoosha mkono kwenye kengele ndogo, akasita, maana hakujua ni sheria ya ngapi iliyovunjwa.

"Naomba kitabu cha sheria," Tumpe akasema.

Hakuna aliyewahi kukiomba. Kilitolewa chini ya mguu mfupi wa meza, na meza ikaegama, na Nukta akaumia kuitazama. Tumpe alisoma haraka, kidole kikishuka na mistari, kama anavyosoma karatasi za kupokelea mizigo, ambako maneno ya maana huandikwa madogo chini kabisa.

"Sheria ya kumi na tisa. Mletaji anayo haki ya kuonyesha mzigo wake ukifanya kazi mbele ya Mkuu, kabla ya kengele. Ipo?"

Nukta akasoma, akasoma tena. "Ipo," akakiri. "Haijawahi kutumika."

"Na hapa chini. Mchoraji huhesabiwa Aliyepitwa pale tu Mkuu anapomwekea mikono yote miwili na kutamka hivyo kabla ya kengele kulia. Kengele ikilia hajatamkiwa, amepita. Ipo?"

"Ipo."

"Haya. Ukuta huu hapa mweupe unatosha."

Akapima khanga moja kasoro kiganja, akatia chaki. Saburi akachomeka feni yake ndogo, vichwa sita vikasafisha koo. Burashi akajipanga. Tumpe akachomoa kwenye pochi pedi mbili za kuchezea alizokabidhiwa na bintiye, moja akampa Nukta.

"Hii ni ya nini?"

"Ya ukaguzi. Utakaguaje bila kushika? Kitufe hiki unapiga pasi, hiki unapiga shuti. Nani anacheza naye?"

Watu wote walitazama chini. Ndipo Bi Bado akatoka kwenye foleni, akafunga khanga yake vizuri kiunoni.

"Mke wangu," Bwana Bado akanong'ona, "tutapoteza nafasi yetu."

"Nishikie," akasema Bi Bado.

Saburi akanena: uwanja umejaa, mwamuzi anatazama saa, mpira katikati. Burashi akachora. Nyasi zikaota juu ya ukuta wa Ofisi ya Asilimia, mashabiki wakainuka, na watu wa foleni, ambao baadhi yao walikuwa na Wachoraji kwa miaka ishirini, waliona kwa mara ya kwanza Wachoraji hufanya nini. Mtu mmoja alisema "Kumbe!" peke yake, kwa sauti ya chini.

Dakika ya pili Bi Bado alifunga bao.

"Ameotea!" Nukta akapiga kelele.

"Hajaotea!" ikajibu foleni nzima, Nyekundu na Buluu pamoja.

"Mkaguzi hafungwi! Rudisha!"

"Rudisha wewe kama unaweza, baba," Bi Bado akasema. Miaka kumi na moja ya subira ilikuwa imemwingia kwenye vidole gumba. Akapiga pasi, akageuza, akafunga la pili. Bwana Bado alisahau nafasi aliyoshikishwa, akaja mbele na thermosi yake, akaanza kumfundisha mkewe mambo ambayo mkewe alishayafanya.

Karani ndiye aliyeiona saa. "Mkuu," akasema, "bado dakika moja. Mikono. Umwekee mikono na utamke."

"Nimepata kona," Nukta akajibu.

"Mkuu, sheria..."

"Nimesema nina kona! Unaona hii? Kona!"

Burashi alikuwa anachora na kulia, machozi yanachanganyika na rangi ya nyasi, lakini hakupunguza hata kijani kimoja. Mikono ya Nukta, yote miwili, ilikuwa imeng'ang'ania pedi. Akapiga kona. Mpira ukapaa, ukashuka kichwani mwa beki wake mwenyewe, ukarudi nyuma uwanja mzima, ukaingia wavuni kwake mwenyewe. Kelele za watu zilikuwa kubwa mno hata kengele ya saa kumi ilipolia waliisikia wachache. Tumpe aliisikia.

"Muhuri, Bwana Nukta."

"Mechi haijaisha."

"Muhuri sasa hivi, au nazima."

Ziko sauti ambazo mtu mzima wa nchi yoyote akizisikia hurudi kuwa mtoto wa miaka sita. Nukta aliusukuma muhuri kwa kiwiko, macho ukutani, ukaangukia karatasi yenye aibu kumi na moja na kuigonga katikati. Tumpe aliisoma juu mpaka chini, akaipuliza wino ukauke, akaikunja. Ndipo akamgusa Burashi begani, mojawapo ya mabega.

"Yatosha. Tunakwenda kwa Subilaga."

Ukuta ukawa mweupe. Watu waliguna kama waliokatiwa umeme.

"Mnalalamika nini?" Tumpe akawauliza. "Kila mmoja amesimama na Mchoraji wake hapo."

Bi Bado aliitazama pedi mikononi mwake, akamrudishia Tumpe. Kisha akamwendea Mchoraji wake, akaichana ile nailoni kwa meno toka shingoni mpaka kiunoni, akageukia ya Mnenaji.

"Mke wangu, bado tuko saba," Bwana Bado akasema.

"Kaa nazo," akajibu, akawashika wale wawili mikono, akatoka nao uani. Bwana Bado alisimama akiitazama nafasi yake ya mbele kabisa, kisha mlango. Akachukua mkeka, akakimbia. Wengine wanne watano wakamfuata. Waliobaki, na ndio waliokuwa wengi, walisogea mbele kujaza pengo.

Tumpe na watu wake wawili walikuwa wameshakaribia mpaka, Burashi na Saburi wameanza kubishana ni nani aliyemchelewesha nani kwenye bao la pili, walipomsikia mtu nyuma anaita. Alikuwa Bwana Nukta, anatweta, tai imepinda na hajainyoosha.

"Mama mgeni! Swali moja, la kiofisi." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Lile bao la tatu, la kujifunga. Nimelifikiria njia nzima. Lilitokana na Mnenaji kuchelewa, au Mchoraji?"

Tumpe alimtazama kwa huruma, kwa kadiri anavyojua kuhurumia.

"Lilitokana na wewe, bwana."

Nukta akachomoa daftari na kalamu. "Kwa asilimia ngapi?"

"Mia," akasema Tumpe. "Mia kamili." Akafungua khanga, akawafunga wenzake wawili, akavuka.